Rekodi ya Mama Yako na Viatu vya Naum

Kaptumbo,
S.L.P. 62,
Kapsabet.

9 Oktoba

Mpendwa Jerono,

Chamgei, binti wa kaka yangu! Itikia kwa sauti, hata kama hapo ulipo hakuna wa kukusikia isipokuwa theluji. Hujambo wewe? Amosi hajambo? Na huyo Jelagat wetu, ameshaanza kutembea au bado anasukumwa kwenye kigari kama mzigo wa kabichi? Nasikia baridi imeshafika huko na kwamba unafanya zamu mbili hospitalini. Kula vizuri, mwanangu. Usiwauguze watu huku wewe mwenyewe unaishi kwa chai na mkate.

Sisi huku tu wazima. Goti langu la kushoto linanisumbua tangu mvua zianze, lakini bado linanifikisha kanisani na kunirudisha. Mahindi yamekauka shambani, tunangoja jua la wiki moja tu tuvune. Yule mtamba mwekundu uliyemwacha akiwa ndama amezaa, naye amerithi mateke ya mama yake. Mama yako ni mzima kabisa. Nalisema hilo mapema ili usisome barua hii huku umeshika kifua.

Ulinipigia simu mwezi wa saba ukilia, ukaniuliza mama ameipokeaje habari ya rekodi, nami nikakujibu kwa mkato. Alikuwa ameketi karibu nami akinitazama kwa lile jicho lake. Tangu siku hiyo ukimpigia anakuambia "niko salama, wasalimie," kisha simu inakatika. Basi binti wa Barnaba anakuja huko kusoma, nami nimempa bahasha hii aibebe, ili nikueleze yote kama yalivyokuwa.

Jumamosi ile tulikuwa nyumbani kwa kaka yako Hosea kwa sababu ya televisheni yake kubwa. Mbio zilikuwa Ulaya, katika mji ambao mtangazaji alijaribu kuutaja jina akashindwa, akaishia kusema "huko huko." Mita mia nane za wanawake. Kutoka huku kwetu alikuwamo Naum Jemeli, binti wa Philemon wa ng'ambo ya mto, yule aliyekuwa akiendesha trekta la ushirika. Mama yako alikuwa na sinia ya maharagwe mapajani, anachambua mawe, hatazami. Ilipopigwa kengele ya mzunguko wa mwisho akainua kichwa.

"Anakwenda," akasema, polepole tu.

Na kweli Naum akaenda. Jerono, msichana yule alikimbia kama aliyeitwa nyumbani. Mtangazaji alipiga kelele mpaka sauti ikakauka: rekodi ya taifa ya Salina Jepng'etich, iliyokaa muda mrefu kuliko umri wa mama wa msichana huyu, imeanguka! Hosea aliruka akazima televisheni.

"Washa," mama yako akasema. "Sijaona aliyekuwa wa pili."

Hosea akawasha, lakini walikuwa wameshaingia kwenye matangazo ya sabuni. Mama yako akamaliza maharagwe yake, akampa wifi yako Truphosa sinia, akatuaga. Nilimsindikiza hadi kwake. Njiani alinieleza habari za mchwa walioingia kwenye nguzo za ua. Mchwa tu, mpaka mlangoni.

Kuanzia kesho yake watu wakaanza kuja. Walikuja kama wanavyokuja penye matanga: mmoja na sukari, mwingine na maziwa, wanaketi, wanashika shavu. Shemasi akasimama akataka kuomba kwa ajili ya faraja ya familia. Mama yako akamkatiza kabla hajafumba macho: "Shemasi, nani amekufa hapa? Kama ni mimi, niambieni nijiandae." Watu walitaka kucheka wakaogopa. Wakanywa chai upesi wakaondoka.

Lakini huwezi kuwalaumu. Wewe mwenyewe umekua chini ya rekodi ile. Unakumbuka walimu walivyokuwa wakikusukuma uwanjani kwa kuwa wewe ni mtoto wa Salina, wewe ambaye hukuweza kumshinda kuku? Kituo cha kununulia chai kina jina lake. Kona ya barabara ina jina lake. Nusu ya wasichana wa shule ya msingi wanaitwa Salina. Hata kliniki, akiwa kwenye foleni na presha yake, mtu atamgusa bega: "Mama, hebu tuambie, ule mzunguko wa pili ulifikiria nini?" Hakuna aliyewahi kumwuliza habari za mradi wa maji, na ni yeye aliyefukuzana na wakubwa miaka mitatu mpaka bomba likafika kilimani kwetu. Kaka yangu Ezekiel, Mungu amlaze pema, alikuwa akisema ameoa mke mmoja na mbio moja, na kwamba mbio zile ndizo zilizopewa kiti kizuri.

Sasa nije kwa Hosea, na nakuomba usimkasirikie kabla hujafika mwisho.

Wiki ile kaka yako alialikwa kwenye redio yetu ya Kinandi. Nadhani alikwenda kwa hofu zaidi kuliko hasira. Unajua kile kibao alichoweka kwenye lango la kambi yake ya mazoezi: "Nyumbani kwa Rekodi." Alipoulizwa, akasema rekodi haikuvunjwa na mtu, imevunjwa na viatu. Akasema viatu vya siku hizi vina springi ndani, vinamrusha mtu kama panzi, lakini mama yake alikimbia na viatu vya kuazima, vikubwa, alivyovijaza matambara ili visimtoke. Mtangazaji akafurahi. Simu zikafunguliwa.

Mimi na mama yako tulikuwa kwenye kinu cha posho. Redio ilikuwa juu ya rafu, na mwenye kinu akazima mashine ili asikie vizuri. Wakapiga simu, mmoja baada ya mwingine. Yule msichana ni mwizi. Yule msichana arudishe rekodi ya mama yetu. Mmoja akacheka akamwita Springi, na jina likashika hapo hapo, kila aliyepiga baada yake akawa anasema Springi hivi, Springi vile. Mwenye kinu naye alikuwa akicheka mpaka alipogeuka akamwona aliyesimama nyuma ya gunia.

"Mama Hosea! Sikujua uko hapa. Lakini si umesikia? Watu wako nawe."

"Nimesikia," mama yako akasema. Akageuka akatoka. Gunia la mahindi akaliacha pale pale, halijasagwa.

Tulimkuta Hosea akifunga kamba za turubai la kambi. Nitakuandikia kama walivyosema, maana nilisimama hapo kama nguzo.

"Wewe Hosea, vile viatu niliviazima kwa nani?"

"Mama?"

"Nimekusikia redioni. Nataka kujua niliviazima kwa nani, nisije nikafa sijavirudisha."

"Mama, si watu wote husema hivyo? Nilikuwa natetea jina lako."

"Jina langu lilikuja hapa likalia? Lilikuambia limepigwa?"

"Wageni wanaokuja hapa wanakuja kwa sababu ya rekodi. Kibao chenyewe kinasema. Sasa nitawaambia nini?"

"Waambie mama yako amezeeka na rekodi ni ya msichana wa Philemon. Ni maneno machache, hata wewe utayaweza."

Truphosa akaja na chai. Mama yako akaikataa. Unamjua: akikataa chai, mambo yameharibika.

Siku mbili zikapita. Siku ya tatu tukasikia kwamba Naum amezima simu yake, hatoki nyumbani, na amemwambia kocha hatakwenda na timu kwenye mashindano ya dunia. Hata sokoni mama yake Naum aliitwa "Mama Springi" na vijana wa bodaboda, akaacha viazi vyake akarudi nyumbani. Nilipomletea mama yako habari hiyo alikuwa ameinama chini ya ng'ombe. Akamaliza kukamua, akaosha mikono, akavaa lile koti lake la kijani la kanisani.

"Wifi, magoti yako yako hai?"

"Nusu."

"Lete hiyo nusu. Twende ng'ambo."

Philemon alituona tukipanda kutoka mtoni akaja kusimama langoni. Hakufungua. Ni mtu mpole, lakini siku hiyo shingo yake ilikuwa imesimama.

"Mama Hosea, mimi nakuheshimu sana. Lakini kama umekuja kupima viatu, geuka hapo hapo."

"Nimekuja kuviona tu. Kuna ubaya?"

"Mtoto wangu hajala tangu juzi."

"Basi fungua, nami pia sijala."

Akafungua. Unajua nyumba zetu; kabla hatujaketi, majirani walikuwa wameshajaa, kila mmoja na kisingizio chake: huyu anaomba moto, huyu anatafuta mbuzi. Naum akatoka amejifunga shuka mpaka kidevuni. Ni mrefu kuliko anavyoonekana kwenye televisheni, na mwembamba, macho yamevimba. Akainamisha kichwa asalimiwe. Mama yako akamgusa utosini.

"Ndiye wewe Springi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Msichana akaanza kulia bila sauti, machozi tu. Philemon akasogea.

"Usilie, nauliza," mama yako akasema. "Kilete hicho kilichonishinda nikione."

Vikaletwa. Viatu vyenyewe ni vya rangi ya waridi, vyepesi kama ganda la yai, na chini vina misumari midogo. Mama yako akavigeuzageuza, akavikunja, akavinusa. Kisha akakaa kwenye nyasi nje ya jiko, akavua vyake vya kanisani, akaanza kuvivaa. Naum akapiga magoti akamsaidia kufunga kamba. Vilimwenea, Jerono. Mguu wao ni mmoja.

Akasimama ameshika bega langu. Misumari ikazama kwenye nyasi.

"Mbona ardhi imenishika?" akasema. Akanyanyua mguu mmoja, akanyanyua wa pili, kama jogoo aliyekanyaga tope. Akafika kwenye kamba ya nguo, akageuka. "Haya, Philemon, piga filimbi! Wanaotaka kuona viatu vikikimbia, njooni muone!"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Akangoja. Akatazama miguu yake, akatutazama sisi.

"Mmeona? Viatu ninavyo. Mwendo uko wapi?"

Alianza kucheka yeye, ndipo ua wote ukalipuka. Yule aliyekuja kutafuta mbuzi alicheka mpaka akakaa chini. Hata Naum alicheka, huku anafuta pua kwa shuka.

Mama yako akaketi tena kuvivua, na hapo akasema jambo ambalo mimi, niliyeishi naye ua kwa ua tangu nikiwa msichana, sikuwahi kulisikia.

"Mimi sikuazima viatu. Nilipewa vipya. Mzungu mmoja wa kampuni aliniletea hotelini vikiwa ndani ya boksi, na karatasi yake laini. Uwanja mzima hakukuwa na viatu kama vyangu. Aliyekuwa wa pili ndiye aliyekuwa na vibovu, kimoja amekizungushia plasta."

"Sasa haya maneno ya kuazima yalitoka wapi?" Philemon akauliza.

"Kwa watu. Mwaka wa kwanza nilikanusha. Mwaka wa pili nikachoka. Kuna wanaosema nilikimbia miguu mitupu. Kuna wanaosema nilikuwa na mimba ya Hosea, na Hosea wakati huo hata baba yake nilikuwa sijamjua." Akamgeukia Naum. "Hata wewe watakutungia. Watakupa viatu ambavyo hukuvaa na machozi ambayo hukulia. Waache. Lakini kwenda, uende."

Msichana akazungusha kamba ya kiatu kidoleni. Kisha akauliza, akimwita bibi, "Kogo, ulinikasirikia?"

"Jumamosi nilikukasirikia sana. Jumapili nilikwenda kanisani."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu nilikuwa na mchwa."

Wakati huo ndipo tulipomwona Hosea langoni. Sijui alikuwa amesimama hapo kwa muda gani. Alikuwa ametufuata na pikipiki, akaizima chini mtoni ili asisikike. Philemon alimtazama muda mrefu. Kisha akasema, "Ingia, ugali umeiva," na Hosea akaingia, akamsalimu Naum kwa mikono miwili, akaketi karibu kabisa na mlango. Naum alikula siku hiyo. Mama yake alikuwa akimtazama kila tonge linapoingia.

Hosea alirudi redioni. Sitakudanganya kwamba aliomba radhi vizuri; alianza na hali ya hewa, akapitia bei ya maziwa, mtangazaji akawa karibu kumkata. Lakini mwishoni akasema, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa, kwamba viatu havina makosa na msichana ana miguu. Na kile kibao amekiondoa. Lango liko wazi tu sasa, bado hajajua aandike nini.

Kuna jambo jingine la siku ile, na ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Tulipokuwa tunarudi, tulikaa kwenye ukingo wa barabara juu ya mto ili magoti yapumzike. Nikamwuliza, wifi, hebu niambie kweli, unajisikiaje? Nilidhani atanirudisha kwa mchwa. Akawa anang'oa nyasi moja moja.

"Siku ile televisheni ilipozimwa, nilihisi kama mtu aliyeshushwa mzigo mgongoni. Nikasema, aa, kumbe mgongo wangu unanyooka. Nikatembea nyumbani nikiwa mwepesi. Nilipofika mlangoni, wifi, ndipo nikakumbuka kwamba mzigo wenyewe ulikuwa mtoto."

Akalia. Mama yako, Jerono, ambaye hakulia mbele yetu hata tulipomzika Ezekiel. Sikumgusa. Nilikaa naye tu, mpaka lori la majani ya chai lilipopita likatufunika vumbi, tukaanza kukohoa wote wawili, tukainuka.

Nimelifikiria sana jambo hili nikiwa shambani. Watu walichukua kwake alasiri moja tu, wakaitunza vizuri, wakaipamba, wakaipa viatu vya kuazima. Siku nyingine zote wakatuachia sisi wa nyumbani, na sisi nao hatukuziangalia, kwa sababu tulikuwa tunatazama alasiri ile ile kama wao. Mimi sijui kama sifa ni kitu kizuri au kibaya. Najua tu kwamba rekodi imeondoka na watu bado wanamsimamisha njiani, bado kona ni Kona ya Salina, bado watoto wanaopewa jina lake wanazaliwa. Nilidhani jina lingeanguka pamoja na rekodi. Halikuanguka. Lakini naona sasa analitazama kama mtu anayetazama nyumba aliyowahi kuishi.

Naum alikwenda na timu. Ng'ambo wakamchinjia ng'ombe kabla hata hajaondoka. Na huko, kama ulivyoona, mambo yakawa magumu: alifika fainali, akaongoza mpaka kona ya mwisho, miguu ikakataa. Wakampita wote isipokuwa mmoja. Tulikuwa tumejaa kwa Hosea tena. Hakuna aliyezima televisheni safari hii. Wale waliokula nyama ya Philemon ndio waliokuwa wa kwanza kusema tulijua, springi imekatika. Mama yako aliwauliza nani kati yao amewahi kufika fainali ya chochote, hata ya kucheza karata. Wakatafuta viatu vyao mlangoni.

Siku ambayo timu ilikuwa inarudi, alikuja kwangu na kibuyu cha maziwa ya mursik, amekifuta kikang'aa, na koti la kijani.

"Hosea anatupeleka Eldoret," akasema.

"Amekubali?"

"Nilikuwa bado sijamwuliza, akaniambia gari limeoshwa."

Uwanja wa ndege ulikuwa umefurika. Kijana mmoja wa Keiyo alikuwa ameshinda mbio za kuruka maji na viunzi, basi walikuja kwaya, wanafunzi, wakubwa wa serikali na mafuriko ya vibuyu. Alipotokea mlangoni na medali shingoni, watu walimwendea kama maji. Walimbeba, wakamnywesha, wakamvika sinendet, majani ya washindi, mpaka hakuonekana uso. Tulisukumwa huku na huku. Nikapoteza kitambaa changu cha kichwa.

Nyuma yao kabisa, kando ya ukuta, nikamwona Naum akilivuta sanduku lake, kofia ya koti imemfunika mpaka machoni. Alikuwa anatafuta njia ya kupita bila kuonekana. Na kweli hakuna aliyemwona, watu wote wale.

Mama yako akaanza kupenya kinyume cha umati, kibuyu kifuani, kiwiko mbele. Yale mapafu bado yapo, nakuambia. Mkubwa mmoja wa kaunti akamtambua, akamshika mkono: "Mama Salina! Heshima kubwa! Njoo upigwe picha na bingwa, wote wawili pamoja!"

"Asante, baba, baadaye," mama yako akasema. "Nina mgeni wangu."

Akamfikia. Akazibua kibuyu, akakikung'uta kidogo, akamimina kwenye kifuniko.

"Kogo, mimi sikushinda kitu," Naum akasema.

"Nimekuuliza? Kunywa. Kapsabet ni mbali."

Msichana akanywa. Yakambakia masizi meusi ya mursik, yale tunayopaka ndani ya kibuyu, mdomoni kama watoto, nami nikamfuta kwa kanga yangu. Hosea akachukua sanduku bila kuambiwa.

Ndani ya gari tulikaa nyuma, msichana katikati yetu. Tulikuwa tumeshapita mjini ndipo akauliza, huku anatazama dirishani, "Kogo, wewe ulishawahi kushindwa?"

"Mara nyingi."

"Mbona sijawahi kusikia?"

"Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Basi akaanza. Alimweleza za Nakuru, alipoanguka kwenye kona akamaliza akiwa na goti lililochubuka na watu wameshakwenda nyumbani. Akamweleza za nchi ya mbali ambako aliumwa tumbo, akakimbia hivyo hivyo, akawa wa mwisho kabisa, na mwanamke mmoja aliyekuwa akifagia uwanja akampa chungwa. Akamweleza za mwaka uliofuata ushindi wake mkubwa, alipopitwa na msichana asiyejulikana, akajifungia chooni mpaka basi la timu likataka kumwacha. Nyingine zilichekesha. Nyingine alizisema kwa sauti ndogo. Alizikumbuka zote, Jerono, na majina ya waliomshinda, na rangi za fulana zao. Naum alikuwa amevua kofia, amegeuka mzima mzima, anauliza, "Halafu? Halafu?"

Nami nikatazama mbele nikaona kitu. Unamjua kaka yako anavyoendesha gari, kama aliyeibiwa. Siku hiyo kila gari lilikuwa linatupita, hata trekta la miwa. Hosea alikuwa ameinamisha sikio nyuma, na anapunguza mwendo, anapunguza, ili tusifike upesi.

Mwanangu, naishia hapa, mkono umechoka na binti wa Barnaba ananingoja. Ukimpigia mama yako, usimpe pole ya rekodi. Mwulize mbio alizoshindwa. Anza na ile ya chungwa. Hatakata simu.

Wanakusalimu Hosea na Truphosa na watoto wao wote. Philemon na mkewe wanakusalimu, na Naum pia, ambaye ameshaanza mazoezi tena na sasa anakuja kila Alhamisi, anasema ni kwa ajili ya kumsaidia mama yako kukamua, lakini kukamua hajui. Msalimie Amosi, na umbusu Jelagat utosini kwa niaba yangu. Mungu awafunike huko kwenye baridi, awape kazi isiyowamaliza nguvu, na awarudishe nyumbani mkiwa na afya na hamu ya kula.

Ni mimi nikupendaye, na nikukumbukaye kila ninapopita chumba chako,

Shangazi na senge yako,
Rael Tapkigen